Lokatere naye ni mutumishi wa mine

Siku ya yenga yenye ilipita, kiisha misa, tulikutana chini ya muembe, kwenye mwisho wa avenyu yetu, juu ya neno moja tu: transfo. Ilikuwa imeungua tena. Kila mutu hapa Kolwezi anajua namna mambo inaenda: ukitaka kuran irudi mbele mwezi haujaisha, watu wa avenyu wanachanga feza. Basi tulikuja kuchanga. Tulifikiri mukutano utachukua nusu saa. Tulibaki pale mpaka giza ikaingia, na transfo yenyewe hatukuizungumuzia sana.

Swali lenye lilitugawanya ni hili: nani analipa? Parseli moja, muchango mumoja? Ao kila mulango ulipe wake? Papa mumoja, retrete wa Gécamines, mutu wa heshima kabisa, alisimama akasema: « Siye tuko hapa tangu zamani. Hii transfo ilikuwa inatosha. Njo hawa bantu ba kukuya banakula kuran yetu. Balipe bao! » Watu wengi walipiga makofi. Nyuma kabisa kulikuwa kijana mumoja lokatere, kofia ya kazi bado mukononi. Akajibu pole pole: « Papa, miye ninalipa nyumba. Ninalipa kuran kwa bayeri. Ninalipa maji. Sasa nilipe na transfo. Bayeri yeye analipa nini? » Hakuna mwenye alimupigia makofi. Lakini hakuna mwenye alimujibu pia.

Sisi wenye kuandika hapa tulizaliwa ndani ya hizi manyumba. Baba zetu walikuwa na matrikile ya Gécamines. Na tuseme mapema, kusudi musomaji ajue nani anamuongelesha: wengi kati yetu tuko na aneksi nyuma ya nyumba, na tunakula feza ya lokatere. Hatusimame kando ya hii mambo. Siku ile chini ya muembe, sisi pia tulipiga makofi. Ni usiku tu, kila mutu akiwa kwake na mushumaa wake, njo maneno ya yule kijana yalianza kutusumbua.

Watoto wetu wanafikiri site ilikuwa hivi siku zote. Hapana. Union Minière, yenye ilianzishwa mwaka 1906, mwanzoni ilikuwa inaleta wanaume tu, kwa kontra fupi, kiisha inawarudisha kwao. Karibu na mwisho wa miaka ya 1920 njo wakubwa wake waliona kama inafaa mutumishi akae na bibi yake na watoto karibu na kazi, kuliko kutumika na watu wapya kila mara. Pale njo ilianza ile maisha yenye wazazi wetu waliijua: nyumba, posho, dispanseri, masomo, na fwaye fasi wamama walijifunza kushona. Serikali ilikamata kompani mwaka 1967, kiisha ikaitwa Gécamines, na ile namna ya maisha iliendelea.

Jambo la kufahamu ni hili: nyumba ilikuwa kipande cha mushahara. Baba zetu hawakulipa bayeri hata siku moja. Ukipanda grade, unahamia nyumba yenye kupita ile ya kwanza. Ukizaa, posho inaongezeka. Njo maana watu walisema kompani ni baba na mama. Hatutaki kuziimba zile siku kama vile zilikuwa paradiso. Ile nyumba ilikuwa pia kamba shingoni: ukifukuzwa kazi, unatoka na bibi na vyungu, na wakati wa wazungu, mugeni hakulala kambini ovyo bila wakubwa kujua. Lakini kuko kitu kimoja chenye tumesahau. Kambini kila mutu alihesabiwa. Posho ilitoka kwa hesabu ya vichwa, kwa hiyo kompani ilijua ndani ya kila nyumba kuko nani na nani. Leo hii, kwa avenyu moja tu, hatujui tuko wangapi. Sehemu kubwa ya makelele ya siku ya yenga ilitoka hapo: hakuna hata mumoja wetu mwenye alijua hesabu ya milango.

Namna gani tulifika hapa, wazee wanaijua kupita sisi. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476 000 za shaba, na watumishi wake walipita 30 000. Kiisha Kamoto ikaanguka, mwezi wa Septemba 1990. Vipande vya mashini vikakosekana, feza ilikuwa inaenda kwingine, na mushahara ukawa kama mvua ya mwezi wa saba. Mwaka 2003 na 2004, watu 10 655 walitoka kazini kwa mupango wenye Benki ya Dunia ilitolea feza, wenye uliitwa « Départs volontaires ». Mpaka leo wazee wanacheka juu ya lile neno « volontaires ». Mutu mwenye amepitisha miezi na miezi bila kulipwa, ukimuwekea feza juu ya meza, atasema hapana? Walikamata. Mumoja alinunua kaminyo yenye haikumaliza mwaka. Mwingine alijaribu shamba. Wengi walilipa madeni. Kwa mwenye alikuwa na bahati, nyumba njo ilibaki.

Na nyumba yenyewe, mutu akiitazama siku moja asubui, tumbo tupu, anaona kama parseli ni kubwa. Nyuma kuko nafasi. Njo vile mutumishi wa Gécamines aligeuka bayeri. Haikuwa akili ya biashara. Ilikuwa njaa.

Lokatere naye alitoka wapi? Kodi ya mine ya 2002 ilifungulia kompani za inje mulango. Mwaka 2014 watu wa Kasulo walikuta kobalti chini ya manyumba yao, na kukakuwa watu wenye walichimba shimo ndani ya chumba chao cha kulala. Mwaka 2015 Lualaba ikakuwa jimbo na Kolwezi kichwa chake, kwa hiyo biro za serikali zikaleta watu wao pia. Watu walitoka Likasi, Lubumbashi, Kamina, Kasai yote, Kivu, Kinshasa. Wengine walikuja na diploma ndani ya envelope, wengine na kitiyo tu. Na kazi ilikuwa. Mwaka 2024 inchi yetu ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba, karibu yote kutoka Lualaba na Haut-Katanga. Ni zaidi ya mara sita kupita ile ya Gécamines ya 1986.

Shaba mara sita. Sasa tuulize: ni site ngapi mupya zilijengwa kwa mutumishi wa kawaida? Kompani za leo zinajenga kambi ndani ya ukuta, kwa wageni wao na kwa wakubwa. Soudeur, mekanisia, mulinzi, mupishi wa kantini, wao wanakamatwa na bisi pa rond-point saa kumi na moja ya asubui, wanarudishwa giza ikiwa imeingia. Katikati ya bisi ya mangaribi na bisi ya asubui, kulala ni mambo yao. Ile nyumba yenye ilikuwa ndani ya mushahara wa baba zetu imetolewa mule, na imewekwa kwenye soko. Na mwenye kuiuza kwenye soko ni sisi.

Tuchukue parseli moja, bila kutaja jina. Mbele kuko nyumba ya Gécamines, fasi mama mujane anaikaa na wajukuu. Nyuma, pale kulikuwa bustani ya lenga-lenga, sasa kuko milango sita. Matofali, mabati, hakuna plafo. Mulango wa kwanza ni vijana wawili wa Mbuji-Mayi, masoudeurs. Wa pili ni mwalimu, bibi yake na watoto watatu. Wa tatu ni shofere wa kaminyo ya Kasumbalesa, mwenye tunamuona mara mbili kwa mwezi. Wa ine ni krezere na muke wake, na mutoto mwenye alizaliwa pale pale, usiku, mama mujane akiwa mukunga. Wa tano ni dada mwenye kupika bukari na tomson na kuiuza pa mulango wa mine. Wa sita ni enjenyere kijana kutoka Kinshasa. Choo ni kimoja. Robine ni moja.

Chumba kimoja ni dola 50. Mara sita, inafanya 300 kwa mwezi, wakiwa wote wamelipa, na hawalipe wote mara moja. Ile feza inasomesha wajukuu na inanunua dawa ya tansio. Kuko mutu mwenye anaweza kumuita yule mama munyonyaji? Tunamujua. Bwana yake alifanya miaka 31 chini ya udongo.

Lakini tupime upande wa pili pia. Vijana wa mulango wa kwanza wanafanya kwa kompani ya sutretansi, ile yenye kukamata watumishi na kuwapangisha kwa kompani kubwa. Kila mumoja anapata karibu dola 200. Mwaka 2021, shirika la RAID pamoja na CAJJ, wanasheria wa hapa hapa Kolwezi, walitoa ripoti juu ya mine tano kubwa za kwetu. Walikuta kama zaidi ya nusu ya watumishi wanapita kwa sutretansi, na walipiga hesabu kama kuishi kwa heshima hapa Kolwezi kunaomba dola 402 kwa mwezi. Mutu wa 200, akilipa chumba peke yake, robo ya mushahara imeenda mbele hajakata hata tonge moja la bukari. Enjenyere wa mulango wa sita, yeye anapata mara ine ya soudeur. Wote wanafuata kwenye laini ya choo kimoja asubui. Zamani, kwa kuangalia nyumba tu, ulijua mutu iko na grade gani. Leo nyumba haikuambie kitu.

Hapa tunafika kwenye neno lenye litatuletea maadui kati ya wenzetu. Garanti. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupangisha inasema garanti ya nyumba ya kuikaa haipite miezi mitatu. Mitatu! Kuko nani kati yetu mwenye anaomba mitatu? Tunaomba sita. Wengine, wakisikia tu kama lokatere anafanya kwa Wachina, wanaomba kumi, na kwa dola, na mbele hajalala. Kijana mwenye ameshuka kwenye bisi mwezi huu atatoa wapi feza ya miezi sita? Anaenda kwa wale wakopeshaji wenye tunaita « banque Lambert », wanamupatia 100 na kumuomba 150. Mushahara wake wa kwanza haumufike mukononi. Kiisha tunashangaa sababu gani mwezi wa tatu anakuwa na deni ya nyumba, na tunamutupia matandiko inje, na watoto wanasimama kuangalia.

Tulikuwa tunafikiri garanti ni haki yetu, sababu nyumba ni yetu. Nyumba ni yetu, ndiyo. Lakini mutu mwenye alinyimwa mushahara miaka nzima anapaswa kuwa wa kwanza kujua uzito wa ile deni.

Kuko sheria ingine, na hii njo yenye tungetaka watu waizungumuzie chini ya muembe. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema kama mutumishi amekamatwa mbali na fasi ya kazi, mwenye kumukamata anapaswa kumupatia nyumba yenye kufaa, yeye na familia yake, ao kumulipa feza ya nyumba. Imeandikwa. Tulimuuliza mumoja wa wale masoudeurs: « Ile feza ya nyumba, unaiona kwenye bulletin yako? » Alicheka. Alisema siku ya kuandika majina, kwenye biro walimuambia: weka adresi ya hapa Kolwezi, kama hauna, ombea ndugu. Akaweka adresi ya binamu yake. Kwa karatasi, alikamatwa hapa hapa. Kwa hiyo, kwa karatasi, nyumba si mambo ya kompani. Bibi yake na watoto wako Mbuji-Mayi mpaka leo, na kila mwezi anawatumia kitu kwa simu.

Angalieni muzuri namna ile mutu anachezewa. Kwenye karatasi ya kazi, anakuwa mutu wa Kolwezi, kusudi asilipwe nyumba. Kwenye avenyu yetu, anakuwa mutu wa kukuya, kusudi alipe transfo peke yake. Kompani inamufanya mwenyeji, sisi tunamufanya mugeni, na mara zote mbili feza inatoka kwenye mufuko wake.

Kuko na kitu kingine ndani ya lile neno, « bantu ba kukuya », chenye kinatuogopesha, na tunaomba vijana wasikilize sababu hawakuwa. Mwaka 1992 na 1993 tuliona namna neno linaanza kama muchezo. Linaanza kwenye nzanza ya bia, linapita kwenye mikutano, kiisha jirani anaitwa bilulu, wadudu. Watu wa Kasai wenye walizaliwa Likasi na Kolwezi, wenye baba zao walishuka mine pamoja na baba zetu, walifukuzwa ndani ya manyumba yao. Walilala kwenye gari ya moshi, pa stasio, wiki na miezi, wakingoja treni. Watoto walikufa pale. Manyumba yao yalikamatwa na wengine. Ni wengi wenye wanajua ni nani alikamata nini, na hawasemi.

Hatusemi kama papa wa siku ya yenga iko na moyo ule. Hana. Alikasirika juu ya kuran, na usiku ule alirudi kwake akala na lokatere wake kwenye sahani moja. Lakini tunajua sasa bei ya lile neno, na hatuwezi kujifanya hatujui.

Wengine watatuambia: lakini hawa watu wanapandisha bei ya kila kitu. Gunia ya makala, sombe, hata kumwagilia ndevu kwa kinyozi! Ni kweli, vitu vimepanda. Lakini nani alipandisha bei ya chumba? Ni sisi. Tunasikia mine fulani inakamata watu, kesho yake chumba kinaongezwa dola 10. Mushahara wa soudeur haukuongezeka kesho yake. Na mine ikishuka, sisi pia tunashuka. Wakati serikali ilifunga kutoa kobalti inje, tarehe 22 Februari 2025, krezere alikuwa wa kwanza kusikia maumivu, kiisha munegosia, kiisha shofere. Baadaye kidogo ilikuwa zamu yetu: mulango wa ine wazi, mulango wa tatu wazi, na mama mujane akiuliza atalipa masomo na nini. Aligundua siku ile kama pensheni yake ya kweli ilikuwa ni mushahara wa wale vijana. Sisi wote tunakula kwenye shimo moja. Mumoja alishuka ndani mbele, mwingine anashuka leo, na katikati yao kuko garanti ya miezi sita.

Bado transfo. Kwa nini kila mara ni sisi wa avenyu wenye kuchanga? Kodi ya mine, yenye ilitengenezwa upya mwaka 2018, inasema kama ile redevance yenye kompani zinalipa juu ya madini inagawanywa: 50 kwa mia kwa serikali ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa muji, komine, sekta ao sheferi fasi mine iko, na 10 kwa mufuko wa vizazi vya kesho. Kobalti, tangu iliitwa madini ya strateji mwishoni mwa 2018, inalipiwa 10 kwa mia. Shaba 3,5 kwa mia. Tena kuko ile 0,3 kwa mia ya mauzo yenye kompani inapaswa kuweka kwa maendeleo ya wakaaji wa pembeni. Hii si feza kidogo. Tuliona biro zimepakwa rangi, tuliona barabara moja moja, tuliona mabango yenye kuonyesha picha ya kitu chenye bado hakijajengwa.

Lakini hata kama burgumestri ni mutu mwenye moyo safi kabisa, atagawa namna gani? Atajua namna gani kama site fulani inaomba transfo mbili na ingine moja? Mara ya mwisho watu wa hii inchi walihesabiwa yote ilikuwa mwaka 1984. Tulikuwa Zaire. Wengi kati yetu hatukuzaliwa. Kuanzia pale, kila biro inapiga hesabu ya kufikiri. Avenyu yenye ilipangwa kwa familia moja kwa parseli leo iko na milango saba kwa parseli, na kwenye karatasi ya komine bado ni parseli moja, nyumba moja. Transfo inaungua juu hiyo. Masomo inajaa juu hiyo: tangu kusoma kwa primeri kulifanywa bure, mwaka 2019, mwalimu mumoja wa hapa anatuambia watoto wanakaa chini kwa sakafu, watatu watatu kwa daftari moja. Maji inakauka juu hiyo.

Na hapa tena kosa lingine ni letu. Sababu gani hatumuandikishe lokatere kwa shefu wa kartie? Tunaogopa takse juu ya feza ya kupangisha. Tunamuambia: mutu akiuliza, sema wewe ni mupwa wangu. Basi site yetu imejaa wapwa! Na siku feza ya komine inagawanywa, wale wapwa hawako, hawajulikane, hawahesabiwe. Tunaficha watu kusudi tusilipe kidogo, na tunakosa kingi. Takse yenyewe izungumuziwe, tuko tayari: kama komine inataka feza ya bayeri mujane wa milango sita, itoe kwanza kwenye mulango wa biro yake karatasi yenye kuonyesha ile 15 kwa mia ilikuwa ngapi mwaka huu na ilienda wapi. Hatuwezi kulipa tukiwa macho yamefungwa.

Siku ya tatu tulirudi chini ya muembe, watu kidogo kuliko siku ya yenga, sababu makelele hayakuwa. Yule papa retrete alikuja. Yule kijana pia, na safari hii alipewa kiti. Tulikubaliana hivi. Bei ya transfo inagawanywa kwa milango, lakini muchango wa milango ya aneksi unalipwa nusu na bayeri, nusu na lokatere. Nyumba ya mbele inalipa kama mulango mwingine wowote. Wajane wa milango miwili ao mumoja wanalipiwa na likelemba ya avenyu, watarudisha pole pole. Juu ya garanti, tulishindwa. Bayeri wawili tu njo walisema watashuka mpaka miezi mitatu kuanzia lokatere mwenye kuja. Wengine walisema watafikiri. Tunaandika hapa kusudi waendelee kufikiri.

Na watu wawili, bayeri mumoja na lokatere mumoja, walipewa daftari kwa kupita parseli kwa parseli: milango mingapi, watu wangapi, watoto wa masomo wangapi, nani anafanya kwa sutretansi, na kama alikamatwa kazi wapi kweli kweli. Wale wenye walikamatwa mbali na kuandikishwa adresi ya bandia, tutapeleka daftari yao kwa muangalizi wa kazi pamoja na wakili, bila majina kwanza, mpaka wenyewe wakubali.

Papa retrete njo alijitolea kuwa yule bayeri wa daftari. Alisema anajua kuandika matrikile, alifanya ile kazi miaka. Mpaka jana mangaribi walikuwa wamefika kwenye parseli ya tisa. Walipiga hodi kwenye mulango wa mwisho, hakuna mwenye alijibu. Mwenye chumba iko poste ya usiku. Watarudi saa mbili ya asubui, mbele hajalala.